Nukta Elfu Moja



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu pamoja na mumewe, akatuomba tumwandikie wasia. Machoni petu hakuwa mgonjwa. Alikuwa amepigwa picha ya matiti katika uchunguzi wa kawaida, hana uvimbe wala maumivu, na daktari akamwambia kwamba picha imeonyesha kitu, na kwamba kipimo hicho hugundua saratani kwa asilimia 80. Mama alitoka pale akiamini kuwa amebakiwa na asilimia 20 tu za kunusurika. Wasia ni jambo jema wakati wote, lakini hatupendi uandikwe kwa mkono unaotetemeka.

Kosa hilo hata madaktari hulifanya. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani, Ulrich Hoffrage na Gerd Gigerenzer, walichapisha uchunguzi wao juu ya madaktari 48. Masuala ya vipimo yalipoulizwa kwa lugha ya asilimia, majibu sahihi yalikuwa 10 kwa mia. Masuala kama hayo yalipowekwa kwa kuhesabu watu, yalifika 46 kwa mia.

Aliyesoma faraidhi hatastaajabu. Chuoni mwalimu wetu hakuturuhusu kugawa mirathi kwa kichwa. Alichora jedwali ubaoni, kila mrithi na chumba chake, na mrithi akifa kabla ya mali kugawanywa, huongezwa safu nyingine. Asiyechora humpa mtu fungu la mwenziwe.

Basi na tuchore. Tutie nukta 1,000, safu 25 zenye nukta 40 kila moja, na kila nukta ni mwanamke asiye na dalili yoyote. (Hesabu hizi ni za kufundishia, hazikuchukuliwa katika hospitali zetu za Pwani.) Tuseme 10 kati yao wana saratani, hao tuwapake wino mwekundu. Kipimo kitawagundua 8, na 2 kitawapita. Wamebaki wazima 990, lakini 95 kati yao nao wataambiwa kuwa picha imeonyesha kitu. Tukiwazungushia duara wote walioambiwa hivyo, ndani mna nukta 103, na nyekundu ni 8 tu. Zile asilimia 80 zilikuwa habari ya wale 10 wenye maradhi. Mama yetu yumo katika 103.

Hata hivyo, asije mtu akajifariji kwa mchoro huu mahali pasipo pake. Wengi wa dada zetu hawaendi hospitali mpaka uvimbe umeshashikika mkononi, na hao wana mchoro wao mwingine. Tuseme kati ya 1,000 wa namna hiyo, 200 wana saratani. Kipimo kile kile kitawagundua 160, na kitawatia hofu wazima kama 77. Sasa nyekundu zimezidi nusu ya duara. Na waliopitwa si 2 tena, ni 40, nao wamerudi nyumbani na karatasi isemayo hakuna kitu. Mwenye uvimbe asikubali kurudishwa kwa picha safi peke yake. Ndiyo maana daktari anapaswa kujiuliza, kabla hata ya kuitazama picha: huyu aliye mbele yangu nimtie katika mchoro upi?

Mama yule tulimshauri amwone daktari mwingine. Huyo aliigeuza fomu, akamchorea nukta kwa kalamu yake, si elfu, zile 103 tu, akazipaka 8. Kisha akamwandikia akachukuliwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara, kwani mchoro hauondoi haja ya kipimo hicho.

Tunapoandika haya, majibu hayajatoka. Mumewe alituletea karatasi ile, akatuuliza mkewe ni nukta ipi. Tulimwambia hilo linangoja maabara, tukamrudishia.