Washington Nationals ilipaswa kumwachia Juan Soto?

Klabu ya besiboli ya Washington Nationals, Marekani, ilikuwa na hadi Agosti 2, 2022 kuamua kama ingemwachia Juan Soto. Nyota huyo wa Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa na miaka 23, alikuwa amekataa dola milioni 440 kwa miaka 15.

Huko nyota kwa kawaida hauzwi kwa fedha. Hubadilishwa kwa wachezaji wengine, hasa chipukizi. Soto angesubiriwa hadi msimu wa 2024 uishe, angeweza kuondoka huru bila klabu kupewa mchezaji yeyote. Ndivyo Bryce Harper alivyoondoka.

Mashabiki walikuwa na uchungu, maana Soto alisaidia kuwapa ubingwa wa 2019. Lakini mwaka 2022 timu ilikuwa inashika mkia. Sisi tuliona aende wakati huo. Mwaka uliofuata bei yake ingeshuka.