Afande wa Kwenye Simu

Anayepiga hutaja cheo kwanza, jina baadaye. Ni afande kutoka ofisi ya upelelezi, na analijua jina lako kamili. Jina halina siri siku hizi. Ukianza kumtumia mtu pesa kwa simu, mtandao unakuonyesha anaitwa nani kabla hujathibitisha. Kijana wako anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, amekamatwa na wenzake wakiwa na bangi, au kiwanja ulichonunua Nala kina kesi, au simu uliyonunua Sabasaba ni ya wizi. Kisha linakuja lile lenyewe: jalada bado liko mezani kwake, mambo yanaweza kuishia hapo hapo, lakini iwe kabla ya saa kumi. Usikate simu. Namba ya kutuma inakuja kwa ujumbe.

Watanzania tumeshazoea utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ule unategemea haraka zako: kweli ulikuwa na mtu wa kumtumia, ukatuma bila kusoma vizuri. Ule wa "umeshinda" unategemea tamaa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetuwekea namba 15040 ya kutuma jumbe za namna hiyo, na wengi sasa wanazicheka. Huu wa afande hauchekeshi, maana unategemea woga, na woga huo haukutoka hewani.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti yake ilikabidhiwa Julai mwaka huo. Miongoni mwa malalamiko ya wananchi iliyoyabeba ni rushwa na kubambikiwa kesi. Hayo hayakuwa habari mpya kwa dereva wa bodaboda wa Majengo wala mkulima wa alizeti wa Kongwa, ila safari hii yaliandikwa na tume ya Rais. Kwa hiyo mzee wa Mpwapwa anapoambiwa na sauti nzito kwamba mwanawe yuko mahabusu na kuna njia ya kuyamaliza, haaminishwi jambo la ajabu. Anaambiwa jambo ambalo jirani yake ameshamsimulia kuwa lilimkuta. Kumwita mjinga ni kumwonea. Yeye amepima kwa uzoefu alio nao, na mtapeli anaishi kwa uzoefu huo huo.

Baada ya pesa kwenda, mtego wa pili unafunga. Mama aliyetuma laki mbili ili kesi isifike mahakamani anajiona ametoa rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inambana mtoaji kama inavyombana mpokeaji. Aende kusema wapi? Ili kumshtaki afande bandia anatakiwa asimame kaunta mbele ya afande wa kweli, aeleze alikuwa analipia nini. Wengi wanakaa kimya, na mtapeli anaujua ukimya huo kuliko sisi tunaoandika makala. Kwa sababu hiyo, hesabu yoyote ya matukio yaliyoripotiwa, kwa aina hii ya utapeli, nadhani iko chini sana ya hali halisi.

Mara nyingi jibu la wakubwa huwa ni elimu kwa umma. Sina ugomvi na elimu, ila haiwezi kubeba mzigo huu peke yake. Sheria nayo haijapungua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtaja anayejifanya mtu mwingine kupitia mfumo wa kompyuta, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miaka saba. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo Januari 20, 2020, ulitarajiwa kumaliza habari ya namba zisizo na mwenyewe. Kumbe namba zikapata wenyewe wasiojijua. Bibi anaambiwa "weka kidole tena, mtandao umekataa", na laini ya pili inaondoka na jina lake. Ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa bibi huyo, ni nani atampigia?

Wapo wanaosema kampuni za simu ziwarudishie waliotapeliwa. Uingereza imeanza: tangu Oktoba 7, 2024 watoa huduma za malipo wanawajibika kurudisha fedha za mteja aliyedanganywa akatuma mwenyewe, hadi pauni 85,000, na gharama inagawanywa kati ya upande uliotuma na uliopokea. Wazo ni zuri, lakini kwetu nalitilia shaka. Gharama hiyo ingeweza kurudi kwa mtumaji kupitia makato, na tuliona Julai 2021 tozo za miamala zilivyowarudisha watu kwenye kutembea na pesa mfukoni. Naona afadhali breki: laini iliyosajiliwa juzi isiweze kutoa kwa wakala pesa iliyoingia dakika tano zilizopita kutoka kwa mtu asiyewahi kuwasiliana nayo. Mnunuzi wa mahindi pale Kibaigwa, mwenye laini ya miaka mingi, hataguswa.

Lakini dawa yenyewe iko Dodoma, kwenye makao makuu ya Jeshi la Polisi. India ilipozidiwa na matapeli wanaojifanya polisi kwa simu ya video, Waziri Mkuu Narendra Modi alilisema mwenyewe redioni Oktoba 2024: hakuna chombo cha dola kinachohoji mtu kwa njia hiyo. Mkuu wa Jeshi la Polisi aseme hivyo kwa Kiswahili cha kueleweka na kwa Kigogo redioni, kwamba hakuna askari anayeomba pesa kwa simu, kwa sababu yoyote, hata ya mafuta ya gari. Kisha amfukuze kazi hadharani askari wa kweli atakayeomba. Bila hilo la pili tangazo litakufa wiki ile ile, maana simu moja ya kweli inatosha kuzipa uhai elfu za uongo. Na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ambayo nayo imewahi kuonya kuhusu watu wanaojifanya maofisa wake, itamke wazi kwamba aliyelaghaiwa akalipa hatageuzwa mshtakiwa siku akiripoti.

Mpaka hayo yatokee, msomaji, shika haya. Dhamana ya polisi ni bure. Mtuhumiwa wa kosa linalodhaminika anapaswa kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayopitia namba ya simu ya mtu binafsi. Ukiambiwa usikate, kata. Mpigie mwanao, ukimkosa mpigie mwenzake wa chumbani. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa Polisi Kata, umwone kwa macho. Kama pesa imeshakwenda, pigia mtandao wako papo hapo waizuie kabla haijatolewa kwa wakala, tuma namba ile kwenda 15040, na kama aliyekuomba ni askari wa kweli, TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bila malipo.