SAFARI YA "BURE" INALIPWA NA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Wenzetu waliohamia Marekani hutuletea habari kwamba huko mtu aweza kupanda ndege na kulala katika hoteli ya kifahari bila kutoa senti, mradi achague vizuri kadi yake ya mkopo. Kila anaponunua kitu, benki humwandikia pointi. Pointi zikijaa, hugeuzwa tikiti. Vijana wanauliza kadi ipi ni bora. Sisi tuulize kwanza: tikiti hiyo analipa nani?

Jambo lenyewe si geni. American Airlines ilianza kuwapa abiria wake maili za zawadi mwaka 1981, na mwaka 1987 Citibank ikatoa kadi ya kukusanyia maili hizo. Zipo pia kadi za wenye nacho: ile ya Platinum ya American Express ilipandishwa ada mwaka 2025 hadi dola 895 kwa mwaka.

Ada haitoshi kulipia yote. Wako walipaji wengine wawili.

Wa kwanza ni mwenye deni. Tangu mwaka 2023 riba ya wastani ya kadi za mkopo huko Marekani imekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka. Pointi za dola moja, mara nyingi, thamani yake ni senti moja au mbili tu. Anayebaki na deni hupewa kwa kijiko na kunyang'anywa kwa ndoo. Sisi tunalijua daftari la duka la shambani: mshahara hutoka ukiwa umekwisha kuliwa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Wa pili hana hata hiyo kadi. Kadi inapotumika, mwenye duka hukatwa sehemu ya bei, na katika makato hayo benki hupata fedha za kutolea pointi. Mwenye duka hakubali hasara, hupandisha bei kwa wote. Anunuaye mkate kwa fedha taslimu hulipa bei ile ile, wala hapati pointi. Wataalamu wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani walipiga hesabu mwaka 2010: kwa wastani, kila nyumba inayotumia fedha taslimu ilikuwa ikiwachangia wenye kadi dola 149 kwa mwaka.

Ndiyo kusema mfua shuka za hoteli humchangia nauli anayezilalia! Mwaka 2018 wafanyakazi wapatao 7,700 wa hoteli za Marriott katika miji minane ya Marekani waligoma, wakidai kazi moja imtoshe mtu kuishi.

Dawa ipo. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba makato yanayokwenda kwa benki ya mwenye kadi ya mkopo yasizidi asilimia 0.3. Marekani haina kikomo cha namna hiyo kwa kadi za mkopo.

Ndugu uliye huko, kama huwezi kumaliza deni lote kila mwezi, usivutwe na pointi. Tafuta kadi yenye riba ndogo, hasa ya chama cha akiba na mikopo. Na wewe unayeweza kulimaliza, safiri salama. Ila usituambie kwamba ni bure. Nauli yako imetoka katika jasho la mwenzako.