Jiko Lenye Kiuno

Jiko la bati la zamani lilipasha moto chumba kizima, sufuria ikapata masazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya waliichukua ndoo ya Thailand iliyotandazwa udongo ndani, wakajiuliza: mama akisonga ugali, haitapinduka? Basi wakalipa jiko kitako kipana na kiuno chembamba, mfano wa kinu. Udongo uliochomwa wakauweka juu tu, penye makaa, ukashikwa na saruji. Mkaa huweza kupungua kwa theluthi, na kwa mshahara wa askari hilo si dogo. Mnunuzi augonge udongo kwa kidole; ukilia kizito, una ufa. Hewa ya sumu, lakini, hakuna fundi aliyeiondoa: jiko lenye makaa halilazwi chumbani pamoja na watoto, hata baridi iwe kali namna gani.