Saa Isiyolipwa
Wazazi wetu hufadhaika wakimwona kijana akishughulikia jambo lisilomletea hata faranga moja. Tusiwalaumu: nyumba yenye njaa huhesabu kila saa. Hata hivyo, mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza kuandika Linux, akisema ni kazi ya kujifurahisha tu. Leo simu za Android tulizo nazo mikononi zinatumia kiini hicho. Baadaye alipenda kupiga mbizi. Mwaka 2011 akaanzisha Subsurface, programu ya kutunza kumbukumbu za wapiga mbizi.

Tena, mwandishi wa programu anajua kwamba kosa alilolitafuta usiku kucha mara nyingi huonekana asubuhi, anapomlisha mbwa wake. Mnyama hajali cheo wala tarehe ya kukabidhi kazi. Humkumbusha bwana wake kwamba yeye ni mtu, si mashine.

Basi, kazi ya mkate itangulie. Lakini kila juma tujiwekee saa moja isiyolipwa, na tusimcheke mwenzetu anayeitumia yake kwa bidii.