Tindikali kwa Jina Lake

Wasimamizi wa masomo ya sayansi katika vyuo vikuu wana neno moja jepesi la kuelezea ajali za maabara, nalo ni uzembe. Mwanachuo akiungua mkono, husemwa kwamba alikuwa mzembe; akivunja chupa na kuvuta mvuke wake, husemwa kwamba hakusoma kanuni. Kisha kanuni zenyewe huonyeshwa jinsi zilivyobandikwa mlangoni, zimepigwa chapa vizuri kwa Kiingereza, mfano wa shahidi aliyeletwa kumwokoa mshitakiwa. Hoja hii ni kongwe, na ukongwe wake umeipa heshima isiyostahili. Yafaa ipimwe.

Na ipimwe kwa mtu. Achukuliwe kijana wa Kingerikiti, katika milima iliyo juu ya pwani ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, nchi iliyokuwa ya wilaya ya Mbinga kabla wilaya ya Nyasa haijaundwa. Kijana huyu amekulia katika kahawa. Tangu utoto ameziona dawa zenye shaba zikinyunyiziwa mibuni ili kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Anajua, bila ya kufundishwa na profesa yeyote, kwamba chombo cha dawa hakiwekwi karibu na unga, kwamba mnyunyizaji huupa upepo kisogo, na kwamba nguo za kazi ile hazilaliwi. (Si kwamba hakuna mkulima anayekosea, wapo, na baadhi yao wamelipa kwa macho na mapafu yao. Lakini hata anayekosea anajua kwamba amekosea.) Mrututu, lile jiwe la buluu, wazee wake wanalijua kwa jina na kwa sifa, wala hapana anayelidhania sukari. Basi kijana huyu hakuja duniani mtupu. Anazo kanuni za usalama, tena zimekaa katika mwili wake kuliko zinavyoweza kukaa katika karatasi.

Sasa na itazamwe elimu inavyozitenda kanuni hizo. Shule ya msingi humfundisha kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza lugha hubadilika, na pamoja nayo majina ya vitu vyote. Mrututu unapata jina la kigeni, wala hapana anayemwambia kwamba ni jiwe lile lile. Tena katika shule nyingi za kata jina hilo hubaki jina tu, kwa kuwa kitu chenyewe hakionekani. Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo kwa kalamu na karatasi: mtahiniwa alisoma habari za majaribio ambayo hakuyafanya, akajibu rangi ambazo hakuziona. Mwaka 2014, kwa agizo la Rais Kikwete, wananchi walichangishwa kwa nguvu ili kila sekondari ya kata ipate maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Kuta zilisimama. Maji, gesi, vifaa na mafundi havikusimama kwa kasi ile ile.

Kijana anayetoka huko husafiri hadi Songea, na kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni kama kilomita elfu moja. Mwaka wake wa kwanza anapewa chupa ya asidi salfuriki na karatasi ya kutia sahihi kwamba amezisoma kanuni. Anatia sahihi. Nani asiyetia?

Watu wa nchi hii wanalo neno lao kwa kilichomo katika chupa ile: tindikali. Agosti 2013, wasichana wawili Waingereza waliokuwa wakijitolea kufundisha Zanzibar walipomwagiwa kitu hicho, neno hilo lilijaa katika magazeti na vijiwe vyote, na kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kutisha. Ukimwambia mtu kwamba chombo hiki kina tindikali, mkono wake hurudi nyuma wenyewe. Ukimwonyesha jina la Kiingereza lenye herufi nyingi, mkono huo husubiri tafsiri. Na tindikali haina subira. Hofu nayo ni sehemu ya maarifa, na chuo kinachoiondoa hofu hiyo kwa kubadili jina kimemnyang'anya mwanafunzi ngao aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Iko kanuni moja inayojulikana katika maabara zote za dunia: asidi kali humiminwa katika maji, polepole, wala maji hayamiminwi katika asidi. Sababu ni kwamba vitu hivi viwili vikikutana hutoa joto kubwa, na maji machache yaliyoangukia asidi nyingi huchemka papo hapo na kuirusha usoni. Mwanafunzi aliyeikariri kanuni hii kwa lugha asiyoimudu anaweza kuigeuza siku ya wasiwasi, kwa sababu kwake ni mpangilio tu wa maneno mawili. Lakini kila aliyekaanga maandazi anajua tone la maji hufanya nini katika mafuta ya moto. Aelezwe hivyo mara moja tu, kwa Kiswahili, naye hataigeuza kanuni hiyo maisha yake yote.

Hapa hutokea watu wawili wa kupinga. Wa kwanza husema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii. Huyu hastahili muda mrefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mtu aliyeshindwa kuifungua kwa miaka zaidi ya thelathini asiilaumu lugha.

Wa pili ana nguvu zaidi. Husema kwamba wenye Kiingereza cha kuzaliwa nao hufa katika maabara, na anasema kweli. Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili ya zebaki juu ya glavu zake. Sumu ilipenya mpira ule, naye akafariki Juni 1997. Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alimwagikiwa na kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa; hakuwa na koti la maabara, sweta lake likashika moto, akafa mwezi uliofuata. Ni dhahiri, basi, kwamba lugha pekee haiokoi. Lakini tazama kilichofuata kule Los Angeles: mwaka 2011 chuo na profesa wake walishitakiwa kwa jinai, kwa kuwa marehemu alikuwa mwajiriwa na sheria za kazi zilimhusu. Mwanachuo wa Tanzania si mwajiriwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, kama jina lake linavyosema, ni ya wafanyakazi. Na aliyelipa ada ili afundishwe hana mkataba wa kazi wa kuuonyesha. Mtu ambaye sheria imemwacha mbali hivyo ndiye angestahili kuelezwa hatari kwa maneno yaliyo wazi kuliko wote.

Wala si mwanachuo peke yake. Jioni, wanachuo wakiisha kuondoka, huingia mwenye ndoo na tambara, ambaye hakuna aliyedai kwamba anajua Kiingereza. Mwaka 1967, tumbili walioletwa kutoka Uganda walipeleka katika maabara za Marburg, Frankfurt na Belgrade ugonjwa usiojulikana. Watu 31 waliugua, 7 wakafa, na miongoni mwa walioambukizwa wamo walioosha vyombo vya kioo vilivyogusa viungo vya wanyama hao. Ugonjwa haukuuliza cheo cha mtu. Lebo ya chupa ndiyo inayouliza.

Linalotakiwa si kubwa: lebo ya Kiswahili juu ya kila chupa ya hatari, na kila mwanafunzi aulizwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, atafanya nini kikimwagika, kabla ya kukabidhiwa. Wako mafundi sanifu wa maabara wanaofanya hivyo tayari. Humvuta kijana pembeni, humwambia kwa sauti ya chini, "Hii ni tindikali, mdogo wangu, usiitie maji," na profesa akiingia, hurudi katika Kiingereza.