Rehani ya Mlangoni na Udongo Wake



Neno rehani limetajwa mara mbili katika Qur'ani Tukufu: katika Surat Ar-Rahmaan, aya ya 12, na katika Surat Al-Waaqi'ah, aya ya 89. Wapo wafasiri walioeleza kuwa maana yake ni riziki, na wapo waliosema ni mimea yenye harufu nzuri. Aidha, katika Sahihi ya Imamu Muslim imo hadithi inayotuelekeza tusiikatae rehani tunapopewa. Ndugu zetu wa pwani huichanganya na asmini katika kikuba cha bibi harusi. Huku kwetu Runzewe, wengi wanamfahamu zaidi jamaa yake wa porini, kivumbasi. Lakini mrehani nao hustawi vizuri, na mama yeyote mwenye kopo na jua la kutosha anaweza kuupanda.

Mbegu zake ni ndogo, hivyo zifukiwe juu juu tu, kiasi cha nusu sentimita. Kwa joto letu huota ndani ya siku 5 hadi 10. Miche iachane sentimita 25 hadi 30, mahali panapopata jua si chini ya saa 6 kwa siku. Mche ukifika sentimita 15, kikonyo cha juu kikatwe ili utoe matawi. Anayetaka majani mengi aondoe maua yanapochomoza. Anayetaka mbegu, na kuwanufaisha nyuki, aache mashina machache yachanue. Tawi la sentimita 10 likiwekwa katika glasi ya maji hutoa mizizi baada ya wiki moja au mbili. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kisitutishe: maji ya udhu yakikingwa katika beseni yanatosha kuumwagilia mche shinani kila asubuhi.

Hayo ni mepesi. Zito ni udongo, nasi tulijifunza kwa kukosea.

Kamati yetu iliazimia kupanda mirehani kando ya ukuta wa msikiti, karibu na mahali wanapokaa watoto wa madrasa. Kijana mmoja alijitolea kutuletea mkokoteni wa mchanga bila malipo. Ulikuwa laini, haukutuamisha maji, nasi tukamshukuru. Miche ilikua, tukagawa mingine kwa nyumba nne za majirani. Ndipo mzee mmoja, aliyefanya kazi katika makarasha kwa miaka mingi, alipochota mchanga ule kiganjani na kutuuliza ulitoka wapi. Ulikuwa ni marudio.

Kila mkazi wa ukanda huu wa dhahabu anajua kwamba wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na kwamba zebaki nyingine hubaki katika mchanga uliokwisha kuoshwa. Sumu hiyo hudhuru ubongo na figo, na walio hatarini zaidi ni mtoto mdogo na aliye tumboni mwa mama yake. Kwa sababu ya madhara hayo ulimwengu uliafikiana Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania ni mwanachama wake. Sisi tuliipeleka sumu hiyo mahali ambapo watoto hushika mchanga kisha hutia vidole mdomoni.

Tuling'oa yote, tukaurudisha mchanga ulikotoka. Kisha tulipita nyumba kwa nyumba kuomba turudishiwe zawadi zetu. Katika nyumba moja tulikuta majani yamekwisha kutiwa katika chai. Hatukuwa na la kusema ila kukiri kosa na kuomba radhi.

Tangu siku hiyo tunaitazama ile hadithi kwa jicho jingine. Ikiwa mpewaji ameelekezwa asikatae, basi mtoaji ana dhima ya kujua anatoa nini. Jirani hupokea kwa kuamini, na imani yake ni amana mikononi mwetu.

Kwa hiyo tunanasihi: udongo uchukuliwe shambani, mbali na karasha na mahali pa kuchomea dhahabu, tena usichotwe penye mkondo unaotoka huko. Sehemu mbili za udongo zichanganywe na sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ambayo kwetu haikosekani. Kopo liwe lililokuwa na chakula, litobolewe chini. Pipa au dumu lililobeba kemikali za mgodini lisitumike hata likioshwa mara saba. Na ambaye kiwanja chake kiliwahi kuchomewa dhahabu apande katika vyombo, asipande ardhini.

Mirehani ya msikiti tumeipanda upya. Safari hii udongo tuliubeba wenyewe kutoka shambani.

Wabillahi tawfiiq.